Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kutumia Latitudo na Longitudo Mtandaoni

Mtu akikutumia ujumbe wenye namba hizi tu, -6.8160, 39.2803, amekuelekeza vizuri kuliko yule anayekwambia ushuke kituo cha pili kisha uulize duka la Mangi. Ni latitudo na longitudo za sehemu iliyopo katikati ya Dar es Salaam, na simu yoyote yenye ramani itakufikisha bila kuuliza mtu njiani. Tatizo ni kwamba namba hizohizo zikipungukiwa alama moja, au zikigeuzwa ya kwanza ikawa ya pili, zitakupeleka Ethiopia au Hispania, na ramani haitakuambia kitu. Itachomeka pini yake nyekundu huko ugenini bila wasiwasi wowote.

Kwa hiyo sehemu ya kubofya na kunakili nitaipitia haraka. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Nitakaa zaidi kwenye yale yanayowaponza watu: mpangilio wa namba, alama ya kutoa, namna tatu za kuandika mahali palepale, na zile namba za mpima ardhi ambazo ukizibandika Google Maps hazileti kitu.

Kwanza, namba zenyewe

Latitudo inapima mahali palivyo mbali na Ikweta, kaskazini au kusini, kutoka 0 hadi nyuzi 90. Longitudo inapima kutoka mstari unaopita Greenwich, Uingereza, mashariki au magharibi, hadi nyuzi 180. Hayo tulisoma shuleni. Kompyuta imeongeza kanuni mbili: latitudo hutangulia, na badala ya kuandika "kusini" au "magharibi" unaweka alama ya kutoa. Kaskazini na mashariki hazina alama.

Tanzania nzima ipo kusini mwa Ikweta na mashariki mwa Greenwich. Maana yake, sehemu yoyote ya nchi hii ina namba ya kwanza yenye alama ya kutoa, kati ya -0.9 na -12, na namba ya pili isiyo na alama, kati ya 29 na 41. Likariri hilo, litakuokoa mara nyingi. Kenya na Uganda mambo ni magumu kidogo kwa sababu Ikweta inazikata katikati: Nairobi ni -1.29, Kisumu ni -0.1 hivi, lakini Eldoret ni 0.5 bila alama na Kampala ni 0.35 bila alama. Huko huwezi kuotea alama kwa mazoea. Kila mji una yake.

Sasa tuzikosee makusudi. Chukua namba za Dar es Salaam, futa alama ya kutoa, uandike 6.8160, 39.2803. Utajikuta kusini mwa Ethiopia, kwenye nyanda za juu upande wa milima ya Bale. Rudisha alama lakini ugeuze mpangilio, 39.2803, -6.8160, utakuwa magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kuna kosa la tatu ambalo wanaojaza fomu kwenye simu huliona sana: sehemu ya namba ikiachwa tupu, mfumo unaweka 0, 0, na kisima cha kijiji kinaibukia baharini kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Wachora ramani wamepabatiza Null Island kwa utani. Kisiwa hakipo; kilichowahi kuwekwa pale ni boya la kupima hali ya bahari.

Kuhusu tarakimu baada ya nukta: kwa maeneo yetu ya karibu na Ikweta, nyuzi moja ni kama kilomita 111, iwe ya latitudo au ya longitudo. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakupa usahihi wa kilomita moja, yaani mtaa. Tatu, kama mita 110. Nne, mita 11, inatosha kufika getini. Tano, mita moja. Ukiona mtu amekuandikia tarakimu kumi na tano alizozitoa kwenye simu, usidhani anajua zaidi yako. Simu yake yenyewe, penye anga wazi, inakosea kwa mita tano hivi. Andika tano, inatosha kwa kila jambo ambalo simu inaweza kufanya.

Kupata namba za mahali ulipo

Kabla ya hatua zenyewe, ondoa dhana moja: GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti bure, za GPS ya Marekani na kwa simu nyingi za sasa pia za GLONASS, Galileo na BeiDou. Bando linaliwa na picha ya ramani, na intaneti husaidia simu kuzipata setilaiti haraka. Ukiwa porini bila mtandao, namba bado utazipata. Utasubiri kidogo zaidi, hasa kama simu ilizimwa siku nzima.

1. Toka nje. Chini ya bati, ndani ya jengo la ghorofa au chini ya mwembe mkubwa, simu hukisia kwa minara na Wi-Fi, na inaweza kukosea kwa makumi ya mita.

2. Washa huduma ya mahali kwenye simu, kisha fungua Google Maps. Utaona kitone cha buluu na duara hafifu kukizunguka. Duara hilo ndilo la kuangalia. Likiwa pana, simu bado inabahatisha. Subiri mpaka linywee.

3. Bonyeza kwa kidole pale kwenye kitone na ushikilie. Pini nyekundu itatokea, na namba zitajitokeza kwenye kisanduku cha kutafutia juu, au kwenye maelezo ya pini ukivuta kutoka chini. Kidole ni kinene kuliko kitone, kwa hiyo kuza ramani kabla ya kubonyeza.

4. Nakili. Bandika kwenye daftari la simu hapohapo pamoja na jina la mahali. Namba zisizo na jina, baada ya wiki mbili, hakuna anayejua ni za nini.

Wenye iPhone wana njia fupi: programu ya dira iliyokuja na simu inaonyesha namba chini ya skrini, kwa mtindo wa nyuzi, dakika na sekunde. Na kwa anayefanya kazi mbali na mtandao, mimi napendekeza Organic Maps au OsmAnd. Unapakua ramani ya Tanzania au Kenya ukiwa na Wi-Fi, halafu huko uendako kila kitu kinafanya kazi bila data.

Kupata namba za mahali ambapo hupo

Kwenye kompyuta, fungua Google Maps, tafuta eneo, badili kwenda picha ya setilaiti, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya sehemu unayoitaka. Mstari wa kwanza wa orodha itakayofunguka ni namba zenyewe, ukizibofya zinajinakili.

Usinakili namba kutoka kwenye anwani ya ukurasa bila kuangalia. Zile zinazofuata alama ya @ ni za katikati ya skrini yako, si za mahali ulipobofya; ukisogeza ramani kidogo zinabadilika. Kama umebofya jina la duka au shule, namba za pini yake huwa mbele zaidi kwenye anwani hiyohiyo, baada ya !3d kwa latitudo na !4d kwa longitudo. Hata OpenStreetMap, ramani ya bure ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ina tabia hii: namba zilizo kwenye anwani yake ni za katikati ya ramani.

Njia hii ya kutazama kwa setilaiti ni nzuri sana kwa vitu vinavyoonekana kutoka juu, kama paa, njia panda, bwawa au mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake. Lakini picha yenyewe inaweza kuwa imesogea mita kadhaa, na inaweza kuwa ya miaka iliyopita. Nyumba iliyojengwa mwaka jana huenda usiione kabisa.

Ukitaka kujaribu kama umeelewa, andika -3.0758, 37.3533 kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukifika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, uko sawa.

Kutuma, na kumwelekeza mtu

Kutuma lokesheni kwa WhatsApp wengi wanajua. Pale kwenye kiambatisho unachagua mahali, kisha unaamua: utume ulipo sasa, au uruhusu mtu akufuatilie kwa dakika 15, saa moja au saa 8. Kwa mgeni anayekuja nyumbani tuma ya kawaida. Ya kumfuatilia mtu itumie ukiwa safarini usiku na unataka ndugu ajue ulipofika. Angalia pia maandishi madogo yanayosema usahihi ni wa mita ngapi. Yakisema mita 60, usitume kwanza.

Ila lokesheni ya WhatsApp inamhitaji mpokeaji awe na WhatsApp, na anayetuma awe na bando. Namba tupu zinapita popote. Unaweza kuzisoma kwenye simu ya sauti, kuzituma kwa ujumbe mfupi, hata kuzipokea kwenye kitochi na kumsomea dereva mwenye simu janja. Kama mpokeaji si mtu wa mambo haya, mtengenezee kiungo cha kubofya. Andika hivi bila nafasi katikati, ukibadili namba tu:

https://www.google.com/maps?q=-6.8160,39.2803

Kwa bodaboda, namba pekee hazitoshi, hata ziwe sahihi namna gani. Zinaonyesha nyumba, hazionyeshi geti liko upande gani wala kwamba njia ya nyuma imefungwa na mfereji. Mpe namba za geti badala ya paa, na umwongezee alama moja ya kuonekana. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi Tanzania ina vibao vya majina na nyumba zina namba. Ukiwa nayo iandike pia.

Google Maps ina kitu kingine, Plus Code, mchanganyiko wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha. Ni latitudo na longitudo zilezile zilizofupishwa kuwa eneo la mita kama 14 kwa 14. Ni rahisi kuandika mlangoni. Kwa hesabu, kwa upimaji au kwa kupeleka kwenye programu nyingine haisaidii, kwa hiyo sitaikalia.

Mahali pamoja, maandishi matatu

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, tena kwa watu wenye elimu zao. Sehemu ileile ya Dar es Salaam inaweza kuandikwa:

-6.8160, 39.2803
6°48.960′S, 39°16.818′E
6°48′57.6″S, 39°16′49.1″E

Ya kwanza ni nyuzi za desimali, ndiyo inayopendwa na ramani za mtandaoni. Ya pili, nyuzi na dakika za desimali, utaikuta kwenye vifaa vya GPS vya wenye boti na meli. Ya tatu ni nyuzi, dakika na sekunde. Imo kwenye ramani za karatasi, nyaraka za serikali na ile dira ya iPhone.

Kutoka ya tatu kwenda ya kwanza, gawanya sekunde kwa 60, jumlisha na dakika, gawanya tena kwa 60, jumlisha na nyuzi. 57.6 ÷ 60 ni 0.96. Dakika zinakuwa 48.96. Gawanya kwa 60 unapata 0.816. Jumla ni 6.816, na kwa kuwa ni kusini unaweka alama ya kutoa. Kurudi nyuma ni kinyume chake: chukua sehemu ya baada ya nukta, zidisha kwa 60 upate dakika, iliyobaki baada ya nukta zidisha tena kwa 60 upate sekunde.

Hulazimiki kuhesabu. Google Maps inapokea maandishi yote matatu. Ukibandika ya tatu, maelezo ya pini yanakuonyesha na ya kwanza. Lakini ijue hesabu ili umshtukie mtu aliyeandika -6.48.57, 39.16.49. Huyo amechukua dakika na sekunde akazitenganisha kwa nukta, na karani anayefuata atazisoma kama -6.4857 na 39.1649. Mahali hapo ni baharini, kati ya Bagamoyo na Unguja. Dalili ya ugonjwa huu ni rahisi: ukiwa na orodha ndefu ya namba, na katika zote tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta hazivuki 59, karibu kila mara hizo ni dakika zilizojificha.

Jambo dogo lakini linaudhi: alama ya kutoa iliyonakiliwa kutoka Word mara nyingi hugeuzwa kuwa kistari kirefu. Jicho halioni tofauti, programu nyingi zinaona, na zinakataa. Ukibandika namba zikagoma, futa kistari ukiandike upya kwa kibodi.

Namba za mpima ardhi

Umenunua kiwanja kilichopimwa. Kwenye ramani ya upimaji kuna jedwali la bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, kila bikoni ina namba mbili, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba, mfano 530970 na 9246580. Unataka kuona kwenye simu kiwanja kiko wapi. Ukizibandika kwenye Google Maps, hupati kitu.

Hizo ni mita. Mfumo wake unaitwa UTM, unaoigawa dunia kwenye kanda za nyuzi sita za longitudo. Ndani ya kila kanda, namba ya kwanza inapima mashariki na ya pili inapima kaskazini. Kwa sisi wa kusini mwa Ikweta hesabu ya kaskazini huanzia milioni kumi pale Ikweta na kushuka kadiri unavyokwenda kusini. Ndiyo maana ya Dar es Salaam ni milioni tisa na ushee. Ili kuzigeuza kuwa latitudo na longitudo unahitaji kujua mambo mawili ambayo jedwali huyaandika pembeni kwa herufi ndogo, au haliyaandiki kabisa.

La kwanza ni kanda. Tanzania ina tatu. Kanda ya 35 inaishia longitudo 30, Kigoma mjini imo. Ya 36 ni kutoka 30 hadi 36: Mwanza, Bukoba, Mbeya, Tabora. Ya 37 ni kutoka 36 hadi 42: Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Morogoro, Arusha, Mtwara, na kwa Kenya Nairobi na Mombasa. Watu wa Dodoma wawe macho: jiji lenyewe liko longitudo 35.74, kanda ya 36, lakini Kongwa na Mpwapwa wamevuka mstari na wako kanda ya 37. Ukikosea kanda kosa ni kubwa kiasi cha kuchekesha. Namba za Dar es Salaam zikisomwa kama za kanda ya 36 zinaangukia kilomita 660 hivi magharibi, porini kati ya Tabora na Mbeya. Kosa la namna hiyo halimdhuru mtu, maana linaonekana.

La pili halionekani, ndiyo maana ni baya zaidi. Upimaji wa miaka mingi Afrika Mashariki umefanywa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, ambao unaichukulia dunia kuwa na umbo na kitovu tofauti kidogo na msingi wa GPS, WGS84. Sehemu ileile ya ardhi ina namba tofauti kwenye misingi hii miwili. Kwa UTM tofauti ni karibu mita 300 kwa kaskazini na kusini, na chini kidogo ya mita 100 kwa mashariki na magharibi. Mita 300 mjini ni mtaa mwingine. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kana kwamba ni za WGS84, pini itaangukia kaskazini mwa kiwanja chako, juu ya nyumba za watu, na utaanza kumshuku muuzaji asiye na kosa. Au, kwa tapeli, utaridhika na kiwanja kisicho chako.

Hatua zenyewe:

1. Tafuta kwenye ramani ya upimaji maneno Arc 1960 au WGS84, na namba ya kanda. Kama hayapo, muulize mpima aliyetia sahihi au ofisi ya ardhi ya halmashauri. Usikisie.

2. Fungua tovuti ya epsg.io kwenye sehemu yake ya kubadili namba. Kila mfumo una msimbo. Arc 1960 ni 21035, 21036 na 21037 kwa kanda ya 35, 36 na 37. WGS84 kwa kusini ni 32735, 32736 na 32737. Latitudo na longitudo za kawaida ni 4326.

3. Weka msimbo wa ramani yako upande wa kuingiza, na 4326 upande wa kutoa.

4. Andika ile namba ya tarakimu sita kwenye X na ya tarakimu saba kwenye Y, kisha badilisha.

5. Soma matokeo kwa makini. X inayotoka ni longitudo na Y ni latitudo, yaani mpangilio umegeuka. Kabla ya kupeleka Google Maps, tanguliza Y.

6. Rudia kwa bikoni zote, si moja. Umbo likitoka sawa na la kwenye ramani, na barabara ziko pale zinapotakiwa kuwa, umepatia.

Ukijaribu na 530970 na 9246580 kwa msimbo 32737, utapata zile namba zetu za mwanzo.

Kujua kiwanja kiko mtaa gani, simu inaweza. Kusema bikoni iko hapa na si pale, haiwezi, na mtu asikudanganye kwa programu yoyote. Jirani akihamisha mpaka kwa mita mbili, mita tano za makosa ya simu haziwezi kumshika. Hapo mlipe mpima aliyesajiliwa aje na vifaa vyake.

Kupima shamba

Kwenye kompyuta bofya kulia kona ya kwanza ya shamba ndani ya Google Maps, chagua kupima umbali, kisha bofya kona nyingine moja baada ya nyingine. Ukirudi kubofya kona ya kwanza, unapewa na eneo. Google Earth inafanya hivyohivyo hata kwenye simu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, hekta ni 10,000.

Ukiwa shambani unaweza pia kulizunguka kwa miguu ukichukua namba kila kona. Kwa shamba la ekari kumi matokeo yatakaribia ukweli kuliko ile ekari ya hatua 70 kwa 70, ambayo urefu wake unategemea miguu ya anayeuza. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 usijisumbue. Kila upande ukikosewa kwa mita tatu tu, mita za mraba 400 zinaweza kusomeka 289 au 529. Chukua futi kamba.

Sehemu nyingi kwa mara moja

Una visima 40 vya kata, au matawi ya chama cha ushirika, na unataka ramani moja. Andaa jedwali lenye safu tatu: jina, latitudo, longitudo. Lihifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu ambalo programu za majedwali hulitoa. Fungua Google My Maps, tengeneza ramani mpya, pakia faili, na itakuuliza safu ipi ni latitudo na ipi ni longitudo. Jibu kwa uangalifu, umeshajua kinachotokea zikigeuzwa. Tabaka moja linapokea hadi mistari 2,000.

Kwa programu nyingine za ramani kama geojson.io na QGIS, au mafaili ya ramani ya KML, kumbuka kwamba ndani ya faili longitudo ndiyo hutangulia: 39.2803, -6.8160. Watengeneza programu na watu wa ramani hawajawahi kukubaliana juu ya hili na sidhani watakubaliana.

Kama ulichokusanya kina faida kwa wengine, kiingize OpenStreetMap. Mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka kata zinazofurika wakirekodi mifereji, njia na nyumba, na kazi yao ndiyo inayoonekana leo kwenye programu za bure zinazotumia ramani hiyo, ikiwemo Organic Maps niliyoitaja.

Futari na kibla

Longitudo haikai kwenye ramani tu. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila nyuzi moja ni dakika nne. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45, ambayo iko mashariki ya sote. Dar es Salaam iko 39.28, Kigoma iko 29.63. Tofauti ni nyuzi 9.65, zidisha kwa nne, unapata dakika 38 na ushee. Wa Dar es Salaam anapofungua, wa Kigoma ana zaidi ya nusu saa ya kusubiri, ingawa saa zao za ukutani ni moja. Programu ya nyakati za sala iliyoachwa kwenye namba za Dar es Salaam itamfunguza mtu wa Kigoma jua likiwa bado angani. Ukihama mkoa, badili namba au ruhusu programu isome mahali ulipo.

Kwa kibla, tovuti na programu zinataka namba zako na zenyewe zina za Al-Kaaba: 21.4225, 39.8262. Angalia longitudo hiyo. Ni karibu sawa na ya Dar es Salaam, Tanga, Kilwa na Mombasa, ndiyo maana kibla ya pwani hii ni kaskazini. Kwa Dar es Salaam inaegemea mashariki kwa nyuzi moja tu. Kutoka Kigoma inaegemea mashariki kwa nyuzi 20 hivi. Ukitumia dira ya simu kuupata mwelekeo, iweke mbali na chuma na meza za bati, na kwenye mipangilio chagua kaskazini halisi badala ya kaskazini ya sumaku.

Za nyumbani kwako

Tarakimu tano zinamfikisha mtu mlangoni, awe mgeni au mwizi. Kamera ya simu, ikiruhusiwa kusoma mahali, huandika latitudo na longitudo ndani ya picha yenyewe. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama faili ili isipungue ubora, zinakwenda nayo. Kwenye mipangilio ya kamera zima kipengele hicho, kisha ukiwashe siku unapopiga picha za shamba au za kazi. Ukitangaza nyumba ya kupanga au bidhaa mtandaoni, toa namba za kituo cha daladala kilicho karibu, au punguza tarakimu zibaki mbili baada ya nukta. Za mlangoni mpe mteja mmojammoja akishakuwa njiani.